Bwana Moraa wa Mosocho

Kuanzia mvua za masika hadi mahindi yalipokauka shambani, mimi nilikuwa mwanamume. Usicheke kwanza. Au cheka tu, maana hata mimi nilicheka, ingawa kuna siku kicheko kilitoka pamoja na machozi. Nimezaa watoto watatu, nimeolewa na mume mmoja miaka mingi, na katika soko la Mosocho hakuna asiyenijua: Moraa wa ndizi, yule mwenye sauti. Lakini kwenye sistimu ya hospitali niliandikwa "Me", na sistimu ikishasema, wewe ni nani hata ubishe?

Nayaandika haya nikiwa mzima, nimekaa nje ya nyumba yangu na kikombe cha chai, kwa ajili ya mwanamke fulani nisiyemjua. Labda ni wewe. Unatoka damu kupita kawaida, unasema ni umri, unajifunga leso mbili na kwenda sokoni. Nakujua, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Ugonjwa wenyewe sitakueleza, hilo nawaachia waliousomea. Mimi nitakueleza habari za benchi.

Ilianza polepole. Siku zangu zilikuwa ndefu, zikawa wiki nzima, mwishowe zikasahau kukoma. Tumbo likavimba chini ya kitovu, gumu, hata wenzangu sokoni wakaanza kunitania. "Moraa, kwani bado mnazaa tu?" Nikawaambia ni ugali. Nikawa natafuna udongo, yale mawe meupe yanayouzwa karibu na wauza mboga, natafuna kama mwenye mimba kweli. Kucha zikapauka. Nikipanda kile kilima cha kutoka barabarani hadi kwangu, moyo ulipiga hadi masikioni, na njiani ilibidi nijifanye nimesimama kusalimia watu ili nipumue. Siku hizo nilisalimia watu sana.

Mume wangu, Ombui, ni seremala, mtu wa maneno machache. Aliniuliza mara moja tu: "Uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Akaniamini, maana anajua mimi kila kitu nasema. Kumbe hilo moja nilikuwa nalificha, na nilijua vizuri kwamba nalificha.

Alasiri moja mvua ya mawe ilipokuwa inaisha, nilikuwa nabishana na mnunuzi wa lori kutoka Nairobi. Alisema mikungu yangu ni midogo. Nilifungua mdomo nimjibu, na jibu lilikuwa zuri, nalikumbuka mpaka leo, ila ghafla nikaona ndizi zinageuka nyeusi, nikaanguka juu ya mikungu yangu. Ombui akaitwa kutoka karakana. Nilikuwa nimelowa chapachapa, basi akanivua sweta, akanivisha koti lake kubwa na kunitia kofia yake ya sufu mpaka kwenye nyusi. Jirani mwenye gari akatupeleka hospitali kubwa ya mjini. Kemunto, kifungua mimba wangu, anayesomea ualimu huko huko mjini, akatukuta langoni.

Hapa sina budi kukueleza mambo mawili ya kwetu, la sivyo hutaelewa kilichonipata. La kwanza: kwa Ekegusii, mama ni "baba". Ndiyo, umesoma vizuri. Mtoto wa Kigusii humwita mamake "baba", na babake humwita "tata". Kemunto ana Kiswahili kizuri na Kiingereza cha chuo, lakini akiogopa, lugha zote humkimbia, ikabaki ile aliyonyonya. La pili: tuna kitu tunakiita chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake kati ya mzazi na mtoto. Binti hataji mambo ya mwili wa mamake mbele ya babake. Nyumba iwe inaungua, bado hataji.

Basi tukafika kaunta. Palikuwa na kijana mmoja, mgeni sehemu zetu, Kiswahili chake cha pwani, kitamu, na adabu nyingi. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta.

"Mgonjwa ni nani wako, dada?"

"Ni baba," Kemunto akasema huku analia.

"Pole sana. Baba ana tatizo gani?"

"Baba anapoteza damu."

"Inatoka wapi?"

Kemunto akamtazama Ombui. Ombui akatazama dari. "Huko chini," akasema Kemunto.

"Akienda chooni?"

Msichana wa watu angesema nini? "Ndiyo," akajibu.

"Na jina la baba ni nani?"

"Moraa."

Kwetu, mtoto wa nasari anajua Moraa ni jina la kike. Kwa kijana yule lingeweza kuwa jina la mtu yeyote, hata la mtaa. Akanyoosha shingo kidogo, akaona koti la mwanamume na kofia ya mwanamume juu ya kitanda cha magurudumu. Na Kiswahili chenyewe kilimsaidia kukosea, maana anapoteza damu, ameanguka, anatetemeka, yote hayo hayasemi kama ni mume au ni mke. Kijana akabonyeza. Kesho yake kitambulisho changu kikaletwa, nambari ikaingizwa, na ule mstari wa jinsia ukaachwa ulivyo. Nikawa mwanamume wa kitaifa.

Wodini hakuna aliyekosea. Sista alinivua lile koti, akasema, "Haiya, kumbe ni mama!" na kunipeleka kwa wanawake. Huko kitanda kilikuwa na mwenyewe, bibi mmoja mcheshi anaitwa Kerubo, mgonjwa wa kibofu. Tukalala mzungu wa nne, miguu yake kichwani pangu na yangu kichwani pake. "Mwenzangu," akaniambia, "tumekuwa dada kabla ya kujuana majina." Nikatundikiwa damu. Uliza yeyote aliyewahi kupungukiwa na damu: ile chupa ya kwanza ikiingia ni kama mtu amewasha taa ndani ya nyumba yako. Nikaanza kusikia njaa. Nikaanza hata kumkasirikia tena yule mtu wa lori.

Asubuhi daktari kijana akapita na wenzake, wamebeba kile kijikompyuta cha mkononi.

"Mzee Moraa?"

"Ni mimi."

"Unaamka mara ngapi usiku kukojoa?" Bado hajanitazama. "Mkojo unakatika katika? Tumekuandikia kipimo cha tezi dume."

Kerubo alicheka mpaka kitanda kikatikisika na dripu yangu ikayumba. Daktari akainua uso, akaona leso, akaona matiti, akainamisha kichwa kwa aibu. "Pole sana, mama. Pole. Ni sistimu." Akataka kuniandikia picha ya tumbo, ya kuangalia mfuko wa uzazi. Kompyuta ikatoa maandishi mekundu. Akajaribu tena. Ikakataa. Mgonjwa mwanamume hana mfuko wa uzazi.

"Sasa nibadilishe niwe mwanamke," nikamwambia.

"Mimi siwezi, mama. Ni watu wa rekodi."

Watu wa rekodi wakasema wao huandika mara ya kwanza tu, kubadilisha ni Nairobi. Nairobi haikushika simu. Nikaruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi ya vidonge vya kuongeza damu, na kwenye dirisha la dawa wakaniambia hakuna, kanunue nje. Hata pamba hawakuwa nayo. Glavu Ombui alikuwa ametumwa duka la mbele ya lango tangu siku ya kwanza.

Acha nikuambie kilichoniuma. Nilimzaa Kemunto katika hospitali hiyo hiyo. Wakati huo majengo yalikuwa machache na rangi imebambuka, lakini palikuwa na sista mmoja mnene aliyekaa kwenye meza ndogo pale mlangoni. Alikugombeza kwa jina lako. "Moraa, nilikuambia uje wiki jana, ulikuwa wapi? Ndizi zitakuzalisha?" Nilimchukia yule mama. Leo nimepita pale mara ngapi sijui, na hakuna mtu amenigombeza. Kuna lango jipya, kuna ghorofa jipya, kuna televisheni ukutani inayotaja nambari, na hakuna anayejua kwamba wiki jana hukuja. Nilikasirika, na bado nimekasirika, hata nikicheka.

Picha ya tumbo tulienda kuipigia mjini kwa watu binafsi. Wakaniambia ni uvimbe, si mmoja, na mkubwa zaidi ni kama kichwa cha mtoto mchanga. Si wa kuogofya wenyewe, wakasema, ila damu itaendelea kutoka mpaka mfuko wa uzazi uondolewe. Basi jambo likawa wazi: nipasuliwe, au siku moja nianguke nisiamke. Na kupasuliwa kwa bima kulihitaji sistimu ikubali. Bila bima ingekuwa ni kuuza kishamba chetu cha chai, na chai ndiyo karo ya Kemunto.

Tukarudi nyumbani. Ombui alifanya mambo ambayo sijawahi kumwona akifanya. Aliteka maji. Alipika chinsaga, ile mboga yetu chungu, akaiacha chungu hivyo hivyo, bila maziwa, nami nikaila yote na kumsifu. Lakini aliyenivunja moyo ni Kemunto. Alikuwa anakuja kila Ijumaa kabla ya Sabato, ananifulia, ananikanda miguu, ila aliacha kuniita. Hakusema "baba", hakusema "mama". Alisema "wewe, kula," "wewe, geuka." Msichana alikuwa ameamini kwamba neno lake ndilo litaniua. Nilimwambia, "Mwanangu, hata mimi ningekuwa nimeulizwa ningesema vile vile." Akanijibu, "Wewe, lala."

Nikapata akili moja, nikajiona mjanja. Mimi ni mzaliwa wa Gesima, kule juu Nyamira kwenye chai na baridi. Nikasema nitaenda kwa kaka yangu, nitibiwe upande ule, nianze upya. Watu wa Nyamira hawajui kwamba mimi ni mwanamume! Nilifika huko mwezi wa Julai, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na kaka yangu akaniwekea jiko la makaa miguuni kama bibi kizee. Baada ya siku chache tukateremka hospitali ya huko. Karani alikuwa mama mtu mzima, Mgusii mwenzangu, nikashukuru Mungu. Akachukua kitambulisho, akaingiza nambari, akakunja uso.

"Bwana Moraa yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Hapana, mama. Mgonjwa. Umekuja kumchukulia dawa?"

"Nimekuja atibiwe."

"Mwambie mzee aje mwenyewe. Ana kipimo cha tezi dume hajafanya."

"Mzee ndiye huyu," nikasema, nikafungua kanga ya kifuani kidogo ili tusaidiane.

Akanitazama, akatazama kompyuta, akanitazama tena. Kisha akauliza polepole kwa Ekegusii, nani aliyeniandikisha. Nikamwambia ni binti yangu, na karani alikuwa wa pwani. Hakungoja nimalize. "Akasema baba!" Alipiga meza. Alicheka, nami nikacheka, mpaka wale waliokuwa kwenye foleni wakasimuliana na kucheka pia. Nilikaa kwenye benchi lile nikicheka, na damu inateremka, na sina nguvu ya kusimama. Mama yule alinishika mkono mwenyewe kunipeleka kwa daktari. Nilitundikiwa chupa ya pili huko. Kuhusu ule mstari, alituma ombi Nairobi, akaniahidi wiki mbili. Wiki mbili zikapita, zikafuatwa na nyingine, na kaka yangu akavuna mahindi yake mabichi bila jibu kuja.

Mwezi wa nane nilirudi Mosocho nikiwa nimepauka kama unga. Pete ya ndoa ilikuwa inateleza yenyewe kidoleni. Nilikuwa nalala mchana na kuota nimekufa, halafu naamka nimekasirika kwa sababu hata kwenye ndoto walinizika kama mzee, na hotuba ndefu. Ombui hakucheka nilipomsimulia. Alitoka nje, akapiga randa mbao isiyokuwa ya mtu yeyote mpaka jua likatua.

Siku ya kliniki ya upasuaji, kule hospitali kubwa ya mjini, tukaenda wote. Ombui, Kemunto, kaka yangu kutoka Gesima, na mzee wa kanisa letu, maana walikuwa wamesikia labda ni siku ya kutia sahihi ya kukubali nipasuliwe. Tukafika mapema, tukakaa benchi la pili. Watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Nambari zikatajwa, tukapita saa ya chai, tukapita saa ya chakula. Wengine walikuwa wamekuja na viazi vyao vya kuchemsha, wakatugawia. Mama mmoja akanilaza kichwa mapajani mwake bila kuniuliza jina. Huruma ya benchi ni kitu cha ajabu. Mpaka leo sijui yule mama alikuwa nani, na nikimwona nitamnunulia mkungu mzima.

Jioni ikikaribia, nambari yangu ikatajwa. Kaunta ni ile ile, kijana ni yule yule. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza.

"Samahani, sistimu imekataa. Upasuaji huu hauruhusiwi kwa mgonjwa huyu. Mje mwezi ujao, huenda itakuwa imerekebishwa."

Ombui akasema, "Mwezi ujao hatafika." Alisema kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayeongea na mbao zake.

"Mzee, mimi sina uwezo. Nambari inayofuata."

Ndipo Kemunto akasimama. Sikumjua. Nimemlea msichana yule, hata akikohoa hujifunika kwa leso, lakini aliyesimama pale sikumjua.

"Hakuna nambari inayofuata," akasema. "Huyu ni mama yangu. Si baba, ni mama! Mimi ndiye niliyekosea, na mimi ndiye nitakayesema. Alinizaa mimi na wadogo zangu kwa huo mfuko wa uzazi ambao mnasema hana. Anatoka damu ukeni. Ukeni! Kila siku, tangu kabla ya masika. Inatoka mabonge. Mashuka yake nafua mimi. Nani hapa anataka nimwonyeshe shuka?"

Mzee wa kanisa akainamisha kichwa. Kaka yangu akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nilitaka ardhi ipasuke, na wakati huo huo nilitaka kupiga vigelegele. Kwa desturi yetu, Ombui alipaswa kuondoka mahali pale. Niliona akinyanyuka, nikajua anatoka. Hakutoka. Alisogea akasimama bega kwa bega na binti yake, uso ameuelekeza ukutani, asimtazame.

"Ni kweli," akasema. "Ni mke wangu."

Mlango wa ndani ukafunguka. Akatoka mwanamke mfupi, amevaa kofia ya kijani ya upasuaji, uchovu umemjaa usoni. Alikuwa ndiye daktari mpasuaji.

"Nani huyo anafundisha somo la mwili hapa?" akauliza. Kemunto akainua mkono kama mwanafunzi. Daktari akaja kwangu, akachuchumaa mbele ya benchi, akanivuta kope la chini kwa kidole, akaangalia kiganja changu, akanibonyeza tumbo kupitia kanga. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa hospitali ile kunishika tangu nilipotoka wodini. Akamgeukia kijana. "Mlazeni leo."

"Daktari, sistimu..."

"Mimi napasua watu. Kompyuta ikitaka kupasuliwa, waite fundi." Akachukua karatasi, karatasi tu, akaandika kwa mkono. Mambo ya bima akasema ataenda kugombana mwenyewe ofisini, na akaenda kweli, maana sauti zao tulizisikia. Sijui alisema nini. Najua tu kwamba alirudi uso unamwaka na karatasi ina muhuri.

Na yule kijana, nisimwonee. Alitoka nyuma ya kaunta na kiti cha magurudumu, akanisukuma mwenyewe hadi wodini. Njiani aliniambia, "Mama, nisamehe. Kwetu baba ni baba." Nikamwambia, "Kwetu pia ni baba, mwanangu, ila ana titi." Alicheka huku anajifuta macho.

Waimbaji wa kanisa letu wakaja kunitolea damu, soprano wote na besi mmoja, hivyo mpaka leo nikiimba natafuta sauti nyembamba. Nikapasuliwa. Nilipozinduka, sista alikuwa ananipiga kofi shavuni taratibu: "Bwana Moraa, amka, bwana!" Habari ilikuwa imeenea jengo zima. Kucheka na mshono mpya ni adhabu, nikamwomba anionee huruma. Mtu asikudanganye, kunauma. Kukohoa kunauma, kugeuka kunauma, na safari ya kwanza ya chooni ni mwendo wa kinyonga. Lakini shuka lilikuwa jeupe. Nililifunua asubuhi, likawa jeupe. Nikalifunua mchana, jeupe. Nililiangalia vile mtu anaangalia mtoto aliyelala.

Kisha siku ya tatu nililia. Sikumwambia mtu sababu, lakini wewe nakuambia, ili ikikujia usidhani umerukwa na akili. Niliulilia ule mfuko wangu wa uzazi kama mtu anavyolilia nyumba ya zamani aliyolelea watoto wake, hata kama paa lilikuwa linavuja. Nikajiuliza nimebaki nani. Ombui alinikuta nimegeukia ukuta. Alikaa, akamenya ndizi, akaikata vipande vidogo vidogo kwa kisu chake cha kazi, akanilisha. Mwishowe akasema, "Ndizi za soko zimeharibika tangu uondoke. Hakuna anayejua kuchagua." Kwa Ombui, hayo ni mahaba mazito.

Wewe nisiyekujua, ukienda hospitali, simama pale kaunta na umwambie karani akusomee alichoandika, chote, kwa sauti. Usione haya. Na kabla hujatoka nyumbani, mtafute mtu atakayetaja neno lenyewe mahali penyewe, kwa sababu "huko chini" ni pakubwa na huko wanakotazama si unakoumwa. Hospitali zetu zimerudi nyuma, nasema bila kuogopa, na tunaowadai ni wakubwa, si hao masista wanaohudumia wodi nzima kwa mikono miwili. Lakini ndani yake bado kuna watu. Wapigie kelele mpaka watoke.

Siku ya kutolewa nyuzi tulikwenda watatu, mimi, Ombui na Kemunto. Tukiwa kwenye benchi, simu yangu ikalia kwa ujumbe. Kemunto akausoma: taarifa zangu zimesahihishwa, jinsia yangu sasa ni ya kike, na wananishukuru kwa subira. Nilishika tumbo kwa mikono miwili. Wiki hiyo hiyo waliyonitoa mfuko wa uzazi ndiyo wiki waliyokubali kwamba mimi ni mwanamke!

Tukaingia. Sista wa zamu, mgeni kwetu, akafungua kompyuta, na kwa kuwa sasa nilikuwa mwanamke, kompyuta ikampa maswali ya wanawake.

"Mama, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?"

Nilifungua mdomo, na mimi, Moraa wa ndizi, sikupata sauti. Ombui alikuwa pale pale kando yetu. Kemunto akanishika mkono na kujibu mbele yake, bila kuinamisha uso.

"Andika imekwisha, sista," akasema. "Baba amebaki."